Safari ya Kwenda kwa Wazee Yataka Matayarisho

Wazee walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Msemo huu hutajwa mara nyingi barazani na arusini, na autajaye huwatazama vijana kwa jicho la lawama, kana kwamba kila aliye mbali na asili yake ameiacha kwa kupenda mwenyewe. Lakini wako watu katika Kenya ambao hawakuiacha asili yao kwa kiburi wala kwa uvivu. Walizuiwa kuiendea kwa sababu hawakuwa na karatasi ya kumwonyesha askari wa mpakani. Watu hao ni Wamakonde wa pwani, hasa wale wanaokaa Makongeni katika Kaunti ya Kwale.

Sasa karatasi zimepatikana, na haishangazi mjukuu aliyepata kitambulisho akitamani kufunga safari mpaka Mueda, katika kaskazini ya Msumbiji, akakae mwezi au miezi miwili kwa ndugu za babu yake. Tamaa hiyo ni njema. Walakini safari ya namna hii si kama kwenda Mombasa kununua bati na kurudi jioni. Yataka matayarisho ya mwaka mzima, na matayarisho yaliyo makubwa kuliko yote hayafanywi afisini wala dukani, bali hufanywa nyumbani, mbele ya mzee ambaye bado yu hai.

WALIVYOFIKA KENYA

Yafaa kwanza ikumbukwe kwa nini wazee waliondoka kwao. Uwanda wa juu wa Mueda ulikuwa miongoni mwa sehemu za mwisho kutiwa chini ya Wareno, yapata mwaka wa 1917. Baada ya hapo ilikuja kodi, ikaja kazi ya kulazimishwa, na tangu mwaka wa 1938 wakulima wa sehemu nyingi za kaskazini wakalazimishwa kupanda pamba na kuiuza kwa bei waliyopangiwa. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika Tanganyika, palikuwa na mashamba ya mkonge yaliyolipa zaidi. Watu wakavuka mto. Wengine walibaki Lindi, wengine wakafika Tanga, na tangu miaka ya 1930 wengine wakaendelea mpaka Kenya, wakakata mkonge na miwa katika mashamba ya pwani. Mikono yao ilijua pia kuchonga mpingo, na vinyago vyao vilijulikana mbali.

Wengi walidhani kwamba wamekuja kwa muda tu. Lakini miaka haimngoji mtu. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliupiga risasi umati uliokusanyika mbele ya afisi ya serikali pale Mueda, na watu wengi wakafa. Tarehe 25 Septemba 1964 vita vya FRELIMO vikaanza huko huko Cabo Delgado, navyo havikwisha mpaka Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Muda si muda vikaingia vita vya FRELIMO na RENAMO, vilivyokwisha kwa mapatano ya mwaka wa 1992. Aliyetazamia kurudi baada ya mkataba wa kazi alijikuta amezeeka Kwale, ana wajukuu, na nyumbani kwao hapendeki kurudi.

Huku Kenya nako alikuwa kama kivuli. Nchi ilipopata uhuru mwaka wa 1963, Wamakonde wengi hawakuandikishwa kuwa raia. Bila kitambulisho mtu hakuweza kuajiriwa kwa kazi ya kudumu, wala kuweka fedha benki, wala kupata pasipoti. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na nchi ambao walikuwa wakikaa Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963, lakini mlango huo ulikaa bila mtu kupita. Mwezi wa Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Walisikilizwa. Februari 2017 vitambulisho vikatolewa, na Wamakonde wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Habari hii yaeleza kwa nini safari ya Mueda ni jambo zito. Kwa mtu mwingine mpaka ni mahali pa kugongewa muhuri. Kwa mjukuu wa Mmakonde ni mahali ambapo babu yake hakuweza kupita kwa muda wa miaka 50 na zaidi.

KUULIZA NYUMBANI KWANZA

Mtu akiuliza, "Wewe kwenu hasa ni wapi?" mjukuu hujibu, "Mueda." Jibu hilo ni jina la mji na la wilaya nzima, halimfikishi mtu kwenye mlango wa ndugu yake. Sharti atafute habari zilizo karibu zaidi, na hapa ndipo wengi watakapokosea.

Kosa la kwanza ni kutegemea jina la kijiji. Zamani vijiji vya Wamakonde vilikuwa vidogo, na aghalabu kijiji kiliitwa kwa jina la mzee aliyekianzisha. Wakati wa vita vya uhuru Wareno waliwakusanya watu katika vijiji vikubwa vyenye ulinzi. Na baada ya uhuru serikali mpya nayo iliwakusanya watu katika vijiji vya ushirika. Kwa hiyo kijiji ambacho babu alikiaga mwaka wa 1948 huenda leo ni pori la mikorosho, na watu wake wamehamia mahali penye jina jingine kabisa.

Kosa la pili ni kuuliza upande wa baba peke yake. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno kubwa juu yake. Basi anayemtafuta nduguye babu na aulize: mama yake babu aliitwa nani? Kaka zake mama huyo walikuwa akina nani? Ukoo wao ulikuwa na jina gani? Majina hayo hayahami pamoja na nyumba. Mzee wa Mueda asiyejua kijiji kinachotajwa huenda akalijua jina la ukoo papo hapo, akanyosha kidole akaonyesha nyumba.

Tena mtu mmoja aweza kuwa na majina mengi. Kuna jina la nyumbani, kuna jina la ubatizo wa Kireno kwa aliyepitia misheni, na kuna jina lililoandikwa na karani wa shamba la mkonge kwa jinsi alivyolisikia. Yote yaandikwe, hata yale yanayoonekana kuwa ya mzaha, kwa maana huenda jina la utani ndilo linalokumbukwa na watu.

Kazi hii haiwezi kungoja mpaka nauli ipatikane. Nauli yaweza kutafutwa mwakani, lakini mzee mwenye umri wa miaka 85 hawekwi akiba. Mjukuu na akae naye jioni, si siku moja bali siku nyingi, kwa maana kumbukumbu za wazee hazitoki kwa kuamrishwa. Leo hukumbuka mvuko wa Ruvuma. Kesho kutwa hukumbuka jina la shangazi. Aandike katika daftari, na kwa kuwa siku hizi simu ya mkononi hunasa sauti, ainase sauti ya mzee akiwasalimu ndugu zake kwa Kimakonde. Salamu hiyo ikisikika Mueda, itamtambulisha mgeni kuliko kitambulisho chochote.

KARATASI

Msafiri akiisha kupata majina, na aziangalie karatasi. Kitambulisho cha Kenya hakitoshi. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2014 Mkenya aweza kwenda Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, lakini Tanzania haimo katika mapatano hayo. Sharti apate pasipoti. Kwa mtu aliyekuwa raia kwa kuandikishwa, afisi ya uhamiaji hutaka pia kuona cheti chake cha uandikishaji, na jina lililoko katika cheti lilingane na lile la kitambulisho, herufi kwa herufi. Ikiwa karani aliandika jina moja kwa namna mbili, na lisahihishwe mapema. Kosa la herufi moja ambalo nyumbani halimsumbui mtu laweza kumlaza msafiri mpakani.

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki aweza kupewa ruhusa ya kukaa Tanzania kama mgeni hata miezi 6. Lakini Msumbiji haimo katika Jumuiya hiyo. Ruhusa ya Tanzania haimfai ng'ambo ya Ruvuma. Masharti ya viza hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo msafiri asitegemee maneno ya aliyekwenda mwaka juzi. Na aulize ubalozi wa Msumbiji wenyewe, na aulize pia ni siku ngapi mgeni huruhusiwa kukaa, kwa sababu anayekusudia kukaa miezi miwili akiwa na ruhusa ya siku 30 atawatia wenyeji wake taabuni.

Karatasi nyingine ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya huhesabiwa miongoni mwa nchi zenye hatari ya homa hiyo, na nchi za kusini hukitaka cheti kwa watokao huku. Sindano yafaa ipigwe mapema, kwani cheti huanza kufaa siku ya 10 baada ya sindano. Na kwa kanuni iliyoanza Julai 2016, cheti hicho hudumu maisha yote. Malaria nayo imejaa njia nzima. Msafiri achukue chandarua, na mwenye dawa za kila siku achukue za kumtosha mpaka atakaporudi, pamoja na barua ya daktari.

WAKATI WA KUONDOKA

Mkulima hapangi safari kwa kalenda ya ukutani tu, huitazama mvua. Mueda na nchi ya kusini ya Tanzania zina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili. Wakati huo barabara za udongo hugeuka utelezi. Huku Kwale nako mvua kubwa ya masika huanguka kati ya Machi na Juni, na mahindi yake huvunwa karibu na Agosti. Basi ukitazama pande zote mbili, wakati wa kufaa ni kuanzia Agosti mpaka Oktoba. Mkulima atakuwa ameisha kuweka mahindi ghalani, na kule njia zitakuwa kavu.

Kiangazi kina taabu yake pia. Uwanda wa Mueda umesifika tangu zamani kwa uhaba wa maji. Mama zao walikuwa wakishuka mabonde marefu kuteka, kisha wakapanda tena na mitungi kichwani. Mgeni anayetoka mahali penye bomba na asimwage maji ya kuoga kama yuko kwao. Ndoo moja huenda ni kazi ya nusu siku ya mtu.

Kwa karani au mwalimu, jambo ni likizo. Na aiombe kwa barua miezi mingi kabla, aeleze siku ya kuondoka na siku ya kurudi, na ajiachie juma zima la akiba mwishoni, kwa sababu safari za mbali hazina adabu. Mkulima naye amwache mtu anayejulikana shambani, amwonyeshe mipaka, ng'ombe na madeni mbele ya shahidi. Wengi wamerudi kutoka safari njema wakakuta kesi nyumbani.

NJIA YENYEWE

Kwa nchi kavu, msafiri huvuka mpaka Lunga Lunga, akaingia Horohoro na kufika Tanga. Asiipite Tanga kwa haraka. Katika mashamba ya mkonge ya huko walifanya kazi Wamakonde wengi wa Msumbiji, na huenda ndugu anayetafutwa Mueda aliishia Tanga, akaoa, akazaa na kuzikwa papo hapo. Vivyo hivyo Dar es Salaam, katika soko la vinyago la Mwenge, wako wachongaji wa Kimakonde ambao watu wao walitoka ng'ambo ya mto. Kuuliza si ujinga. Salamu moja kwa mchongaji mzee yaweza kufupisha safari kwa majuma mawili.

Kutoka Dar es Salaam njia huelekea kusini, ikavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka wa 2003, na kufika Lindi. Zamani Rufiji ilipofurika, watu wa kusini walikatwa na nchi nyingine. Lindi nako pana habari. Wakati wa vita vya uhuru wakimbizi wa Msumbiji waliwekwa katika makao ya Rutamba, na si wote waliorudi baadaye. Katika Tanzania, Wamakonde waliotoka Msumbiji walizoea kuitwa Wamawia, ili watofautishwe na Wamakonde wa Newala. Msafiri akisikia jina hilo asipite akidhani ni kabila jingine. Huenda hao ndio wake.

Mbele yake ni Mtwara, Newala na Masasi. Kutoka Newala mtu husimama kwenye ukingo wa uwanda akaliona bonde la Ruvuma chini yake, na ng'ambo ni Msumbiji. Mahali pa kuvukia kwa gari ni Mtambaswala, penye Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, ambalo marais wa nchi mbili walilifungua Mei 2010. Babu alivuka mto huo kwa mtumbwi au kwa miguu wakati wa kiangazi; mjukuu aweza kuuvuka kwa gari, tena mchana, akiwa na jina lake halisi katika pasipoti.

HABARI YA VITA

Hapa lazima lisemwe neno ambalo mwenye shauku hapendi kulisikia. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia mji wa Mocímboa da Praia, katika jimbo lile lile la Cabo Delgado. Tangu hapo vijiji vingi vimechomwa na mamia ya maelfu ya watu wamekimbia makwao. Agosti 2020 mji huo ulitekwa. Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa. Majeshi ya Rwanda yalifika Julai 2021 kuisaidia serikali ya Msumbiji, na mwezi uliofuata Mocímboa da Praia ikakombolewa. Lakini mashambulizi hayakukoma; yaliendelea hapa na pale katika miaka iliyofuata. Mueda wenyewe ukawa mji wa askari na wa wakimbizi. Hata kanisa la misheni ya zamani ya Nangololo liliharibiwa Aprili 2020, kwa hiyo msafiri asitumaini sana kwamba atakuta vitabu vya ubatizo vya wazee.

Upande wa Tanzania nao ulipata sehemu ya msiba huo. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, karibu na Ruvuma, kilishambuliwa. Tangu hapo askari huwa macho sana juu ya wageni katika vijiji vya mtoni. Kijana asiyejulikana, mwenye lafudhi ya Kenya, anayezunguka akiuliza njia ya kuvukia, aweza kudhaniwa vibaya bila kosa lolote. Na apige hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, aonyeshe pasipoti, ataje anayemtafuta.

Kwa sababu hizi yafaa safari igawanywe sehemu mbili. Ya kwanza iishie Masasi au Newala. Hapo msafiri atafute watu waliotoka Mueda karibuni, apeleke majina yake kwa simu kwa watu wa kanisani, msikitini na sokoni, kisha angoje. Ndugu akipatikana, mara nyingi ni rahisi zaidi yeye avuke kuja Tanzania kuliko mgeni kwenda kwake. Sehemu ya pili, yaani kuvuka daraja, ifanywe tu ikiwa ubalozi haukatazi na ndugu mwenyewe amesema njia ni salama juma hilo, si mwaka uliopita. Asiyepata ruhusa hizo mbili na arudi kwao bila haya. Mto haukauki, atauvuka siku nyingine. Aliyezikwa njiani hana safari ya pili.

FEDHA NA ZAWADI

Fedha za safari zigawanywe mafungu manne, na kila fungu liwe na bahasha yake. La kwanza ni nauli ya kwenda na kurudi, na ile ya kurudi isiguswe hata kwa msiba. La pili ni chakula na malazi. La tatu ni la wenyeji, kwa sababu mgeni wa miezi miwili hula cha watu. La nne ni la ugonjwa. Kenya na Tanzania zote hutumia shilingi, lakini si shilingi moja. Na Msumbiji hutumia metikali. Fedha zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni. Vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi huhesabu haraka kuliko macho ya msafiri.

Zawadi hazihitaji kuwa za fahari. Leso mbili za Mombasa kwa kila mama mzee, sabuni, sukari na chumvi, na picha za watu wa Kwale zilizochapwa katika karatasi nzuri. Mchongaji asisahau patasi njema kwa mchongaji mwenziwe. Akitaka kurudi na gogo la mpingo, na aulize kwanza idara ya misitu, maana miti ina sheria zake na ushuru wake.

Lugha isimtie hofu. Serikali ya Msumbiji hutumia Kireno, na inafaa kujifunza maneno ya salamu na ya shukrani. Lakini wazee wengi wa Mueda walipata kukaa Tanzania wakati wa vita vya uhuru, nao hujua Kiswahili. Kimakonde cha Makongeni, hata kikiwa kimechanganyika na Kidigo, kitachekwa kwa upendo.

UGENINI

Msafiri anayefika mlangoni kwa ndugu baada ya miaka 70 hakuja kutembea tu. Ameleta tanzia. Kule Mueda huenda yuko bibi mzee ambaye mpaka leo hajui kama kaka yake alikufa au yu hai, wala kama aliacha watoto. Hakuna barua iliyomfikia. Kwa hiyo msafiri na awe na orodha ya waliokufa: jina, mwaka na mahali walipozikwa, na picha ya kaburi ikipatikana. Asianze na vicheko na picha za arusi. Akae chini, awaache wenyeji wamwulize, kisha ataje majina polepole. Watalia, naye alie pamoja nao. Matanga yaliyocheleweshwa miaka 40 ni matanga bado. Baada ya hapo ndipo atakapoitwa mtoto wa nyumba.

Naye achukue orodha ya upande wa pili, waliokufa kwa vita na kwa njaa, ili wazee wa Kwale nao wapate kujua. Mzee mmoja akisikia, kabla hajafa, kwamba dada yake aliacha wana watano, safari imelipa gharama yake yote.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayekaa miezi miwili asingoje kupewa. Na alitafute jembe mwenyewe. Akialikwa kutazama ngoma ya mapiko, ile ya vinyago vya kichwani, na aketi anapoonyeshwa, asiinue simu kupiga picha kabla hajaruhusiwa, na asimtaje kwa jina mtu anayedhani yumo ndani ya kinyago. Mambo ya jando na unyago yana miiko yake.

Kubwa zaidi, asiseme neno la shamba. Kwa sheria za Msumbiji ardhi ni mali ya serikali; hainunuliwi wala haiuzwi, bali mtu hupewa haki ya kuitumia. Mjukuu anayefika na kuuliza, "Shamba la babu ni lipi?" ataifunga mioyo aliyokuja kuifungua. Watu waliobaki ndio waliolima na kukimbia na kurudi na kulima tena. Yeye amekuja kwa ajili ya watu.

KURUDI

Wako wanaohofu kwamba Mmakonde wa Kenya akienda Mueda, kuna siku ataambiwa, "Basi ulikuwa mgeni, rudi kwenu." Hofu hiyo inaeleweka kwa watu waliongoja uraia kwa muda mrefu hivyo. Lakini raia haupotezi uraia wake kwa kumzika mjomba au kumsalimu shangazi. Mluo ana ndugu Uganda na Tanzania, Mmasai ana ndugu Tanzania, Mdigo ana ndugu Tanga, na hakuna anayewauliza wao ni wa wapi. Mmakonde huondoka kwa pasipoti ya Kenya na hurudi kwa pasipoti hiyo hiyo, na makaburi ya babu na bibi yake yako Kwale.

Mambo haya hayawahusu Wamakonde peke yao. Washona waliotoka Zimbabwe na Wapemba wa pwani nao walikaa miaka mingi bila vitambulisho, na wengi wao wana ndugu ng'ambo ambao hawajawaona. Hata Mkenya wa kawaida, ambaye babu yake alihamia wilaya nyingine kutafuta kazi, huenda hajui jina la mama wa babu yake.

Basi mwenye kukusudia safari na aanze leo jioni. Pasipoti itakuja kwa wakati wake, mvua itakwisha, na nauli itapatikana kidogo kidogo. Lakini daftari na kalamu zipo dukani sasa, na mzee yuko barazani anaota jua. Na aendewe kabla jua halijatua.